Kumbukumbu ya Kijiji Imo Kwenye Barua Pepe ya Nani?

Mwanzoni mwa mwaka huu nilipigiwa simu na mzee mmoja wa Tarime ambaye tulikuwa hatujazungumza kwa miaka mingi. Aliwahi kuwa mtendaji wa kijiji, akastaafu, akarudi shambani. Baada ya shikamoo na marahaba, baada ya kuulizana mvua, ng'ombe na afya ya mama yangu, ndipo akafikia lililomfanya apige simu.

"Mwanangu, ile karatasi ya mpaka bado unayo?"

Nilijua anazungumzia karatasi gani. Ulikuwa muhtasari wa mkutano wa pamoja wa halmashauri za vijiji viwili jirani, uliofanyika mwaka 2010 kuhusu mpaka wao. Vijiji hivyo sitavitaja, maana jambo lenyewe bado bichi, na Tarime si mahali pa kuchezea maneno ya mpaka. Wanaoijua wilaya ile wananielewa. Mapigano ya koo kwa ajili ya ardhi na mifugo yameua watu, yamechoma nyumba, na yaliifanya Serikali iunde mkoa maalumu wa kipolisi kwa ajili ya Tarime na Rorya. Katika mazingira hayo, kurasa tatu zilizotiwa saini na wenyeviti wawili zinaweza kuzuia mishale. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, kinatambua mipaka iliyokubaliwa baina ya halmashauri za vijiji vinavyopakana. Lakini makubaliano yasiyo na maandishi, baada ya miaka 15 na misiba kadhaa ya wazee waliokuwapo, hubaki kuwa neno la huyu dhidi ya neno la yule.

Mzee alinieleza kwamba nakala ya kijiji chake ililiwa na mchwa pamoja na sanduku lililoihifadhi. Nakala ya kijiji cha pili iliondoka na mtu aliyehama. Nakala iliyopelekwa kwenye ofisi moja ya ngazi ya juu haionekani. Aliambiwa majalada yalichanganyika ofisi ilipohamia jengo jipya, kwa hiyo arudi wiki ijayo, na hiyo wiki ijayo sasa ilikuwa imetimiza miezi mitano. Ndipo akakumbuka kijana mmoja wa chuo kikuu aliyekuwa akizunguka vijijini na kompyuta mgongoni, akiuliza watu maswali ya ardhi. Kijana huyo nilikuwa mimi, mhadhiri msaidizi wa miaka hiyo, nikikusanya data za tasnifu yangu kati ya Tarime na Serengeti.

Muhtasari ule ulichapwa kwenye steshenari moja ya Tarime mjini, na mwenye duka akanitumia kwa barua pepe kwa sababu flashi yangu ilikuwa na virusi na alikataa katakata kuichomeka kwenye mashine yake. Kwa kukataa huko, ambako siku ile kuliniudhi, vijiji viwili vimebaki na kumbukumbu.

Nilimjibu mzee kwa ujasiri kwamba karatasi ninayo. Kisha nikakata simu na kuanza kuitafuta, nikagundua kwamba nilikuwa nimesema uongo bila kukusudia.

Itanibidi nieleze jambo la kiufundi kidogo, na wasomaji wanaojua mambo haya wanivumilie. Mwaka 2010 intaneti ya kule ilikuwa ya kudonoa. Nyaya za chini ya bahari zilikuwa ndiyo kwanza zimetia nanga Dar es Salaam, ule wa SEACOM ukiwa umefika Julai 2009, lakini manufaa yake yalikuwa hayajapanda hadi milima ya Tarime. Mtu mwenye akili hakusoma barua pepe akiwa mtandaoni. Alizivuta zote kwa mkupuo mmoja, akazima modemu, akasoma kwa utulivu. Nilitumia Outlook Express ndani ya Windows XP, kwa utaratibu uitwao POP. Utaratibu huo, usipourekebisha, ukishavuta barua huziondoa kwenye seva. Kwa maneno mengine, barua zangu za miaka ile hazikuwa "mtandaoni" mahali popote. Zilikuwa ndani ya kompyuta moja tu, na kompyuta hiyo iliungua ubao wake mama zamani.

Nakala ya akiba nilikuwa nayo, na hapo namshukuru kijana mmoja wa maabara ya kompyuta ambaye mwaka 2012 alinizuia nisifanye kosa la wengi. Nilikuwa nimenakili My Documents nikadhani nimemaliza. Yeye akanionyesha kwamba Outlook Express huficha barua zake kwenye folda ambayo Windows XP yenyewe haiionyeshi mpaka uiamuru, chini kabisa ya mlolongo wa folda, ndani ya nyingine iitwayo Identities. Sijui ni watumishi wangapi wa halmashauri zetu waliobadilishiwa kompyuta miaka ile, wakahamishiwa "kila kitu", na barua zao zote zikabaki kwenye mashine iliyopelekwa stoo. Nadhani si wachache.

Folda ile iliwekwa kwenye diski ya nje na kwenye CD mbili. Mwaka jana, Windows 10 ilipokoma kupata matengenezo ya usalama mwezi Oktoba, nilinunua kompyuta mpya, nikanakili diski nzima humo, nikalala usingizi wa mtu aliyetimiza wajibu. Sikujaribu kufungua chochote. Baada ya simu ya mzee nilibofya faili la kwanza, lenye herufi za mwisho dbx, na kompyuta mpya ikaniuliza kwa adabu nataka kulifungua kwa programu gani. Haikuwa nayo hata moja. Outlook Express iliishia na Windows XP, na XP yenyewe iliachwa na watengenezaji wake tarehe 8 Aprili 2014. Nilikuwa na sanduku lililofungwa vizuri, funguo zake zimezikwa na fundi aliyelitengeneza. CD moja haikusomeka kabisa. Ya pili ilisomeka nusu.

Kilichoniokoa ni programu ndogo ya bure iitwayo UnDBX. Unaiandikia amri kwa herufi, nayo inalipasua faili kubwa la zamani na kutoa barua mojamoja katika muundo wa kawaida ambao programu nyingi zinausoma. Barua zile nikaziingiza kwenye Thunderbird. Ilinichukua jioni tatu na msaada wa mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya kwanza, ambaye hakuelewa kwa nini mtu mzima anashangilia kuona salamu za Krismasi za mwaka 2008. Maelfu ya barua yalirudi. Na ule muhtasari ukawamo, kiambatisho cha Word, kurasa tatu, ukisema kwamba mpaka unafuata kijito cha chini.

Lakini programu hiyo ina uwezo wa pili. Faili la Outlook Express halikuwa likifuta barua mara moja mtu anapoifuta. Liliiandika kuwa imefutwa na kuiacha palepale hadi siku faili litakapobanwa. Faili langu halikubanwa. Nilipoiagiza programu itafute na zilizofutwa, ikanitolea barua nyingine kutoka steshenari ileile, herufi zimeliwa hapa na pale kama shuka lililotafunwa na panya, lakini inasomeka. Ilikuwa rasimu ya muhtasari huohuo. Iliandikwa Alhamisi. Mkutano ulifanyika Jumamosi. Na katika rasimu hiyo, iliyoandikwa siku mbili kabla watu hawajakaa, mpaka ulikuwa tayari "umekubaliwa" kufuata kijito cha juu, kiasi cha mwendo wa robo saa ndani ya shamba la upande wa pili.

Ndugu msomaji, kaa na jambo hilo kidogo. Mtu fulani aliandika makubaliano kabla ya mkutano. Mkutano ukafanyika, wazee wakabishana, wakayakataa, wakakubaliana jambo jingine. Na mzee aliyenipigia simu, ambaye ni wa kijiji ambacho rasimu ingekipendelea, alikuwa ameniambia kwenye simu, kwa uhakika wa mtu anayekumbuka, kwamba walikubaliana kijito cha juu. Siamini kwamba alidanganya. Naamini aliisoma rasimu, akaipenda, na miaka 15 ikaugeuza upendo kuwa kumbukumbu. Yamewapata wengine wenye elimu kubwa kuliko yake.

Nilipompigia kumweleza nilichokikuta, alinyamaza muda mrefu hadi nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema: "Zichapishe zote mbili. Ile ya kwanza nipe mimi. Ya pili mpelekee yule wa ng'ambo."

Nitarudi kwa mzee wangu. Kwanza niseme lile linalonikera.

Watumishi wa umma wanaonisoma wanaijua masjala. Barua ikiingia hugongwa mhuri wa kupokelewa, huandikwa kwenye rejista, hupewa namba ya folio ndani ya jalada lenye kumbukumbu namba, na jalada huandikwa limepelekwa kwa nani na lini. Karani wa masjala, mtu ambaye hakuna anayemkumbuka kwenye sherehe za Mei Mosi, ndiye aliyekuwa akihakikisha kwamba afisa akihamishwa kutoka Mugumu kwenda Mpanda, anachukua godoro lake na kuacha majalada. Barua pepe ilipoingia ilipita dirishani, bila kumsalimu karani. Afisa alifungua anwani yake mwenyewe Yahoo au Gmail, akaanza kupokea humo ripoti za kata, mihtasari, orodha za fidia, picha za alama za mipaka. Alipohamishwa aliondoka na godoro na majalada pia, mfukoni, bila yeye mwenyewe kujua. Aliyekuja nyuma yake alianza historia ya wilaya upya, siku aliyoripoti kazini.

Wala tusiseme sheria haikuwapo. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Na. 3 ya mwaka 2002, inamtwika kila mkuu wa ofisi ya umma wajibu wa kutengeneza na kutunza kumbukumbu za shughuli za ofisi yake, na haikuzifunga kumbukumbu hizo kwenye karatasi. Sheria ya Serikali Mtandao, Na. 10 ya mwaka 2019, iliunda Mamlaka inayosimamia mifumo yote hiyo, na leo kuna barua pepe za Serikali na mfumo wa ofisi mtandao ambavyo mtumishi anatakiwa kuvitumia. Ni hatua kubwa na sitaidharau. Swali langu ni la kipindi cha kati. Kati ya karani wa masjala na ofisi mtandao kuna miaka kama 15 ambayo nchi hii iliendeshwa, kwa sehemu isiyo ndogo, kupitia visanduku vya bure vya watu binafsi. Miaka hiyo ndiyo ya mambo makubwa ya Mara: upanuzi wa mgodi wa North Mara kule Nyamongo, na madai ya fidia ya Nyangoto, Kewanja na Matongo, maji ya Mto Tigithe mwaka 2009, jumuiya ya wanyamapori ya Ikona, yenye vijiji vya Robanda, Natta-Mbiso, Nyichoka, Makundusi na Nyakitono, na ile barabara ya kuvuka kaskazini mwa Hifadhi ya Serengeti. Barua za kipindi hicho ziko wapi?

Baadhi hazipo tena duniani. Mwaka 2013 Yahoo ilitangaza kwamba anwani zisizotumika kwa mwaka mzima zitachukuliwa na kupewa watu wengine. Mwaka 2023 Google ikatangaza kwamba akaunti isiyoguswa kwa miaka miwili itafutwa, na kuanzia Desemba mwaka huo ikaanza kufuta. Hawakufanya kosa, hawakuwahi kuahidi kuwa masjala ya Wilaya ya Tarime. Mtendaji aliyefariki, afisa ardhi aliyestaafu na kusahau neno lake la siri, wamefuta kurasa za historia yetu kwa kutobofya tu.

Kuna wanaojibu kwamba barua muhimu huchapishwa na kuwekwa jaladani, hivyo basi barua pepe yenyewe ikipotea si neno. Hoja hiyo iliwahi kutolewa na Serikali ya Marekani ikashindwa. Mwishoni mwa mwaka 1986, kashfa ya silaha za Iran ilipowaka, Oliver North na bosi wake John Poindexter walifuta maelfu ya jumbe kwenye mfumo wa kompyuta wa Ikulu, wasijue kwamba kanda za akiba zilikuwa zimekwisha kuzinakili. Wachunguzi walizisoma. Januari 1989, Rais Reagan akiwa anaondoka na kanda kama hizo zikitaka kufutwa, mwandishi wa habari Scott Armstrong na taasisi ya National Security Archive walikimbilia mahakamani. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani ya Washington iliamua kwamba barua za kielektroniki ni kumbukumbu za Serikali, na kwamba karatasi iliyochapwa haitoshi badala yake, kwa sababu yaweza kupoteza habari za nani aliituma, nani aliipokea na saa ngapi.

Hilo la mwisho ndilo kiini cha kisa changu. Rasimu na muhtasari, ukizichapa na kuziweka mezani, ni karatasi mbili zinazofanana, na mwenye nguvu atachagua aitakayo. Kinachozitenganisha ni mistari ile ya juu ya barua pepe ambayo kwa kawaida hatuioni, iliyoandikwa na seva zilizopitisha barua, kila moja ikigonga saa yake kama karani na mhuri wake. Saa ya kompyuta ya mtu yaweza kuwa ya uongo. Ni vigumu zaidi kuzishawishi seva za watu watatu zidanganye pamoja. Mistari hiyo ndiyo iliyoniambia Alhamisi, 09:40, ambayo nikimweleza mzee nasema saa tatu na dakika arobaini asubuhi.

Mahakama zetu nazo zimeyafikia haya. Katika shauri la biashara Na. 10 la mwaka 2008, lililosikilizwa Arusha, Mahakama Kuu ilijadili kwa kirefu kama barua pepe inaweza kupokewa kuwa ushahidi katika kesi ya madai, wakati ambapo sheria ilikuwa kimya. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ikaja kuuvunja ukimya huo: ujumbe wa kielektroniki haukataliwi kwa sababu tu ni wa kielektroniki, ila uzito wake hupimwa kwa kuangalia ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na ulivyolindwa usichezewe. Ulivyohifadhiwa! Mwanaharakati anayepiga picha ya kioo cha simu na kuifuta barua yenyewe ili kupunguza mzigo wa simu anatupa jiwe na kubaki na kivuli chake.

Wanafunzi wangu hupenda kuitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa mwenye taarifa siku 30 za kumjibu raia. Ni sheria nzuri kuitaja kwenye mtihani. Lakini raia hupata taarifa iliyopo. Ofisi ikijibu kwa unyofu kwamba haina, na kweli haina kwa sababu ilikuwa kwenye Yahoo ya marehemu, haki hiyo imeishia hapo, bila mtu kuivunja.

Nimetaja barabara ya Serengeti, niongeze neno. Juni 2011 Wizara ya Maliasili na Utalii iliandikia Kituo cha Urithi wa Dunia cha UNESCO kilichoko Paris, ikieleza kwamba kipande cha kilomita 53 ndani ya hifadhi kitabaki cha changarawe. Tarehe 20 Juni 2014, Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha ikazuia mpango wa kupitisha lami humo. Barua ile ilisomwa duniani kote, kwa kuwa aliyeandikiwa ana desturi ya kutunza. Mwananchi wa Mugumu aliyeisubiri barabara hiyo kwa hamu, na aliyeipinga, wote wawili wanaitegemea kumbukumbu ya Paris ili kujua nchi yao iliahidi nini kuhusu kilomita zilizo nyuma ya nyumba zao. Na wazee wa Mara hawakuwa watu wa kusahau. Mwaka 2003 mwanahistoria Jan Bender Shetler alichapisha kitabu cha historia zilizoandikwa na wenyeji wa Mara Kusini wenyewe, nyingine zikiwa zimekaa kwa muda mrefu mikononi mwa wenyewe na familia zao. Daftari lile halikuhitaji programu. Lilihitaji mtu asilitumie kufungia sukari.

Hapa lazima nijishitaki. Nimezungumza kama mwokozi, lakini nilichofanya ni kubeba nyaraka ya umma ya vijiji viwili, kuitumia kwenye sura ya nne ya tasnifu yangu, kupata shahada, na kuiacha miaka 15 mahali ambapo mwenye mali asingeweza kuifikia. Sikuwarudishia nakala. Haikunijia akilini. Watafiti tumepita Tarime na Serengeti kama nyumbu, kundi kwa kundi, tukala majani tukavuka mto. Wenzangu wenye diski za nje kwenye droo za ofisi wajiulize nao.

Si kila kilichofufuka kinastahili kutembea. Katika barua zile nilikuta moja ya mwalimu wa Serengeti, ya miezi ya mwisho ya 2010. Wanaoyajua mambo ya kule wanafahamu kwamba msimu wa ukeketaji kwa Wakurya huangukia Desemba, hasa miaka inayogawanyika kwa mbili. Mwalimu aliorodhesha wasichana aliohofia kwamba hawatarudi shuleni Januari wakiwa kama walivyoondoka: majina, madarasa, majina ya baba zao. Alikuwa akiomba ushauri, na nilimpa ushauri wa kitabuni, kwamba sheria ya mwaka 1998 inakataza jambo hilo kwa walio chini ya miaka 18. Nilisoma jibu langu nikaona aibu. Wasichana hao leo ni wanawake wa karibu miaka 30. Wengine huenda wananisoma hapa. Orodha hiyo si ya mtafiti, si ya nyaraka za taifa, si ya mtu yeyote isipokuwa wao, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inasema karibu hivyo kwa lugha kavu zaidi. Nimeiondoa kwenye nakala zote, na safari hii nikalibana faili ili kufuta kuwe kufuta kweli. Kuna watakaosema nimeharibu ushahidi. Nimelifikiria hilo usiku mwingi, na bado naona nilitenda sawa.

Kwa yaliyobaki nasema hivi kwa mtumishi wa umma: siku unayokabidhi ofisi, kabidhi na barua pepe zako za kazi, hata zile zilizopita kwenye anwani yako binafsi kwa sababu ya shida za wakati ule. Zitolewe zote, barua kamili pamoja na mistari yake ya juu, katika muundo wa wazi unaosomwa na programu nyingi, zisibaki ndani ya faili la kampuni moja. Zipewe kumbukumbu namba kama jalada lolote. Na kila kompyuta inapobadilishwa, mtu azifungue kadhaa aone kama bado zinafunguka, kwa maana nakala ambayo hujaijaribu ni dhana tu. Wakuu wa idara wanaweza kuliweka hili kwenye hati ya makabidhiano kesho asubuhi, pale wanapoandika funguo, mhuri na gari. Hakuna bajeti inayohitajika.

Sasa mzee wangu. Nilikataa ombi lake. Nilichapisha zote mbili pamoja na mistari ya seva, nikaandika barua fupi ya kueleza ipi ilitangulia na ipi ilifuata, nikaziweka kwenye bahasha tatu zilizo sawa: moja kwa kila kijiji, moja kwa ofisi ile ya juu, kila bahasha na flashi yake. Nilizipeleka mwenyewe. Kule ofisini niliomba bahasha igongwe mhuri mbele yangu na nikaandika namba ya folio kwenye daftari langu. Karani alitabasamu, nadhani alifurahi kuona kuna mtu bado anaulizia folio. Mwenyekiti wa zamani wa kijiji cha ng'ambo, mzee mwenye miaka zaidi ya 80, alishika karatasi kwa mikono miwili, akamwita mjukuu wake amsomee, na alipofika kwenye kijito cha chini akamwambia arudie.

Mtendaji mstaafu alipokea bahasha yake mlangoni. Hakunikaribisha chai, jambo ambalo kwa Mkurya ni zito kuliko tusi, na tangu siku hiyo hajanipigia. Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa mjukuu wa yule wa ng'ambo. Anauliza kama kwenye kompyuta yangu kuna kitu chochote cha mwaka 2011, kuhusu kisima.